Nilitaka Kuwafikisha la Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi kule Ilagala, kando ya ziwa, msichana wa mstari wa mbele alinyoosha kidole kabla sijaandika hata tarehe ubaoni. "Sista, chini ya kitambaa una nywele?" Nikamjibu, "Ninazo. Na masikio ninayo, kaa chini." Darasa zima likacheka, nami nikacheka, na woga wangu ukaisha.

Wakati ule mwalimu wa darasa la kwanza alifundisha kwa mikono zaidi ya mdomo. Watoto wengi walitoka nyumbani na lugha ya Kiha tupu, kwa hiyo kabla ya kitabu tulishika vitu: samaki, kasia, jembe. Herufi tuliziandika kwa vidole kwenye mchanga wa ufukweni, ndipo tukaenda ubaoni. Jioni niliandika andalio la somo, yaani mpango wa kipindi cha kesho, mezani pa jumuiya, huku masista wenzangu wakichambua dagaa. Kengele ya sala ikilia unaacha kalamu ilipo, hata neno likiwa nusu. Mimi nilizaliwa mbishi, na kengele ile ilininyoosha.

Jambo moja halikuninyoosha. Kila mwaka baada ya mafungo, zile siku za ukimya na sala, Mama Mkuu wa shirika letu alitusomea uhamisho. Tulikuwa tumeweka nadhiri ya utii. Ukisikia jina lako unajibu, "Niko tayari," unafunga mizigo. Ilagala niliondolewa wanangu wakiwa la tatu, ndiyo kwanza wameanza kugawanya. Sikuwaaga, kwa kuwa shule ilikuwa likizo. Kalinzi, kwenye baridi na mashamba ya kahawa, niliwaacha wengine la nne. Nilibaki na hamu moja tu: kulipokea darasa la kwanza na kulifikisha la saba mimi mwenyewe.

Nilipopangwa Ujiji tayari nilikuwa na mvi. Wazazi wa pale, wengi wao Waislamu, waliniletea pilau ya Idi na kuniuliza habari za watoto wao kama shangazi yao. Darasa nililolipokea la kwanza lilipofika la tano, mafungo yakakaribia, nikaenda ofisini kwa Mama Mkuu bila kuitwa.

"Mama, naomba usinihamishe mpaka hawa wamalize."

Akavua miwani. "Sista, mmoja hupanda, mwingine huvuna. Umesahau?"

"Sijasahau, Mama. Kupanda nimepanda sana. Naomba kuvuna mara moja tu."

Alinitazama mpaka nikajutia ulimi wangu. Mwishowe akasema, "Nenda kafundishe."

Basi nikawafikisha. Siku ya mahafali waliimba, mama zao wakapiga vigelegele. Bibi wa mwanafunzi mmoja akanishika mkono: "Umetulelea, Sista. Sasa tuachie wenyewe." Nikasimama mlangoni pa darasa niwaage mmoja mmoja. Walinipa mikono haraka haraka, macho yao yako getini kwa wenzao. Uwanja ulipobaki mtupu nilikaa kwenye dawati, nikalia kuliko nilivyolilia Ilagala na Kalinzi pamoja.

Sasa nimestaafu, naishi Gungu katika nyumba ya masista wazee. Asubuhi watoto wakipita na sare zao, miguu yangu inataka kuinuka. Nawatamani wote, niliowafikisha na niliowaacha njiani. Nilidhani kuwamaliza kungeniponya hamu, kumbe hamu haikuwa ya la saba. Ilikuwa ya watoto wenyewe.

Siku hizi uhamisho huja hata katikati ya muhula. Juzi sista kijana anayefundisha la pili aliingia chumbani kwangu, macho mekundu. Amehamishwa, na wanafunzi wake hawajui.

"Shikamoo, Sista. Wewe ulizoea lini?"

"Marahaba. Sijazoea."

Nikamwuliza anaondoka lini.

"Kesho asubuhi. Gari la shirika ndilo litakalonichukua."

"Gari litangoja. Pitia darasani kwanza ukawaage."

"Na Mama Mkuu je?"

"Mwambie mimi ndiye niliyekuchelewesha."