Ungeuliza Tu, Glenys
Glenys Ackroyd alikuwa msusi wa kwenda majumbani, pale Halifax, Uingereza, na bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Daktari alimwambia aache kazi akitimiza sitini, na sitini ilikuwa mlangoni. Pensheni yake ilikuwa mikononi mwa Clive Naylor, mshauri wa fedha, muumini mwenzake wa kanisani. Kila Desemba Clive alikuja na kopo la biskuti, akala nusu yake mwenyewe, akasema soko lina mawimbi, kisha akanyolewa bure jikoni. Miaka kumi na tisa. Na kwa watu wa kule, kumuuliza mtu habari za fedha huku anakunywa chai yako ni sawa na kumuuliza rangi ya chupi yake. Basi Glenys hakuuliza.

Aliyeuliza ni Bibi Enid Sugden, mteja wake wa Alhamisi, kichwa kimejaa rola.

"Huyo Clive wako anakata ngapi?"

"Asilimia moja na nusu tu ya faida."

"Ya faida? Alikwambia hivyo?"

Glenys akavuta kumbukumbu. Clive alisema moja na nusu. Hilo neno faida Glenys alilijazia mwenyewe.

"Mwanangu, anakata kwenye mfuko mzima. Upate usipate, yeye anachota. Una kiasi gani mle?"

Swali hilo haliulizwi Halifax, lakini Enid alishazika waume wawili, na haya zake alizizika nao.

"Elfu themanini," Glenys alisema, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Basi anakula pauni elfu moja na mia mbili kwa mwaka. Kwa biskuti zipi hizo?"

Glenys alisikia kinyaa. Alimwonea kinyaa Clive, kisha akajionea mwenyewe, na hicho cha pili ndicho kilichozidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu Glenys alikuwa akimfunga taulo shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

Enid akavuta tableti yake. Yeye alikuwa akijisimamia pensheni mtandaoni tangu mume wa pili afariki, na majukwaa ya kuwekeza aliyajua. Akamwonyesha mawili. La kwanza lilikata robo ya asilimia. La pili lilitoza pauni kumi na mbili kwa mwezi, uwe na elfu kumi uwe na milioni.

"Kote utalipia kidogo na mfuko wa hisa wenyewe," Enid alisema. "Hapo hakuna cha bure."

"Hili la kumi na mbili," Glenys alisema. "Mimi nikiseti nywele, tajiri na maskini bei ni moja. Hawa wanatoza kama watu."

Desemba ikafika, na Clive akafika na kopo lake. Alipokwisha kunyolewa upande mmoja, Glenys akapiga moyo konde.

"Samahani, Clive. Nahamisha pensheni yangu."

Samahani! Ameibiwa yeye, na samahani anaomba yeye.

Clive hakukasirika. Alitabasamu kwenye kioo. "Glenys, sisi si ndugu? Nitakushushia hadi nusu asilimia."

Mkasi ukasimama. "Tangu lini unaweza kushusha?"

"Aa, siku zote. Ungeuliza tu."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni swichi ya taa. Glenys alitamani kumwacha na nusu kichwa, aende nacho hivyo kanisani. Lakini kazi ni kazi. Akamaliza upande wa pili, akakung'uta taulo.

"Pauni kumi na nne."

Clive akacheka. Alipoona anacheka peke yake akasema, "Sikujua unanitoza."

"Hukuuliza."

Akatoa noti ya ishirini, akasema abaki na chenji. Glenys akamrudishia pauni sita, na kopo lake juu.

Mlango ulipofungwa, hakujisikia mshindi. Alichukua ufagio akazoa nywele za yule mtu sakafuni, na bega likauma. Alikuwa ameshapiga hesabu na Enid, ya makato ya miaka yote kumi na tisa. Kuacha kazi sitini hakuwezekani tena. Itakuwa sitini na tatu. Hiyo miaka mitatu ya kusimama Clive alikwisha kuila, na Alhamisi asubuhi Enid angekuwa akingoja rola zake.