Godoro la Japani Halikuwa na Kosa

Mimi ni Halima, mama yake Hodan. Wengi hapa Saltley mnanijua kwa sambusa na kwa hadithi za Japani. Sambusa ziko pale mezani. Hadithi za Japani leo nitazifupisha, maana kidogo ziniue.

Mimi na mume wangu Abdi tulianza maisha huko, harusi ikiwa bado mbichi. Yeye alikuwa akinunua magari yaliyotumika kwenye minada na kuyasafirisha Mombasa. Hatukuwa na ndugu wala jamaa, tulijifunza kila kitu wawili: kutenganisha taka, kutembea kwenye theluji, kusherehekea Idi ya watu wawili na sufuria ya pilau ya watu kumi. Hodan alizaliwa huko. Nikiwa kwenye uchungu tetemeko likapita, na mkunga akashika dripu kwa mkono mmoja isianguke, akaendelea na kazi yake. Tulijifunza pia kulala chini, juu ya godoro jembamba la pamba unalolikunja asubuhi na kulianika roshani. Tulilipenda sana, hata tukahama nalo kuja hapa Birmingham.

Mgongo ulianza kuniuma tukiwa hapa. Ulikuwa unauma katikati ya mabega, pale mkono haufiki. Maumivu ya kuinua mizigo nayajua. Haya yalikuwa yanatafuna, na nikilala ndipo yanazidi. Nikawa naamka gauni limelowa jasho. Chakula kikanishinda, sketi zikaanza kunipwaya.

Tukaenda kwa daktari. Abdi ni mtu wa maneno, akanitangulia kabla sijafungua mdomo. Akaeleza Japani yote, minada, tetemeko, godoro. Daktari akafurahi kweli, kumbe naye alikuwa na hamu ya kwenda kuona maua ya cheri. Akasema, "Nunueni kitanda kizuri," akaniandikia dawa za maumivu. Muda wetu ukaishia kwenye maua, jasho langu halijatajwa.

Tukanunua kitanda. Wifi yangu akatoka Great Barr kuja kukikagua, akakikalia kama mtu anayenunua yeye. "Si nilikuambia? Hiyo mattress ya chini ndiyo ilikuwa inakumaliza. Sasa utapona, inshallah."

Sikupona. Nikarudi peke yangu, daktari mwingine. Nikamwambia habari ya jasho na kukonda. Akatazama kompyuta, akasema, "Naona hapa mlikuwa mnalala sakafuni." Wallahi nilitamani kumrushia kiti. Mtu wa mazoezi ya viungo naye, wimbo uleule. Hata mama yangu kwenye simu kutoka Garissa: "Kwetu ulilala kitandani, nini kilikupeleka chini?" Nilichoka. Ukiumwa unataka mtu mmoja tu akusikilize mpaka mwisho wa sentensi.

Siku moja nikienda kununua nyama Alum Rock Road, miguu ikawa mizito. Ganzi ilitoka kifuani ikashuka chini. Nilirudi nyumbani nikishika kuta, Hodan akaniuliza, "Mummy, why are you walking like that?" Jioni nikashindwa kukojoa, na kibofu kimejaa kinauma. Nisameheni kwa kusema haya karibu na chakula, lakini mwili ndivyo ulivyo.

Abdi alinibeba mpaka kwenye gari. Hospitalini akaja daktari kijana, binti wa Kihindi. Abdi akaanza, "You see, doctor, when we were in Japan..."

Nikapiga kelele, "Abdi, nyamaza! Mgongo ni wangu!"

Mapazia ya vitanda jirani yakafunguka. Binti yule hakushtuka. Nyanya yake alilelewa Kisumu, maneno mawili matatu alikuwa nayo. Akavuta kiti, akaniambia, "Pole, mama. Sema wewe."

Nikasema yote. Akagonga uti wa mgongo wangu kwa kidole, nikalia. Wakanipiga picha ya MRI, na usiku uleule nikapelekwa kufanyiwa upasuaji, wakatoa usaha uliokuwa unabana neva. Walipoupima, jibu likawa kifua kikuu, kimeingia kwenye mifupa ya mgongo.

"Lakini mimi sikohoi!" nikasema.

"Si lazima ukohoe," yule daktari binti akanijibu. "Ungechelewa kidogo tu, miguu isingerudi."

Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa hofu. Kisha vikaja vidonge, kiganja kizima kila asubuhi, kichefuchefu, mkojo wa rangi ya machungwa. Nikajifunza kutembea upya na kigari cha kushikilia, mwanangu akinishinda mbio. Dawa nilizimaliza zote. Zilichukua karibu mwaka.

Na Abdi? Alinivalisha soksi kila siku bila kunung'unika, Mungu amlipe. Lakini watu wakimuuliza, alijibu, "Ni mgongo tu, lile godoro." Hata dada yake hakumwambia. Aliogopa watu watatukimbia. Nesi alishatueleza kwamba ugonjwa wangu ulikuwa kwenye mfupa, siambukizi mtu, na wote nyumbani walipimwa wakawa salama. Bado godoro likabebeshwa lawama. Hilo liliniudhi kuliko vidonge.

Alhamdulillahi, leo nimepanda ngazi za ukumbi huu kwa miguu yangu. Ninachowaomba ni hiki. Maumivu ya mgongo yasiyoisha, jasho la usiku, kukonda bila sababu: nenda kwa daktari, na useme hayo kwanza kabla ya salamu na hadithi. Omba upimwe kifua kikuu, ukilitaja jina. Dawa zake hapa ni bure. Wakikurudisha, rudi tena.

Asubuhi hii Abdi aliniuliza, "Utawaambia ni mgongo tu, sivyo?" Nikamwambia hapana, nitautaja ugonjwa kwa jina lake. Akachukua funguo za gari akatangulia nje, nikajua amekasirika. Tulipofika mlangoni hapa akanishikia mkoba nishuke garini.

"Basi sema kwa sauti, Mama Hodan," akasema. "Wale wa nyuma huwa hawasikii."