Lukumani Aliyemzika Nahodha Kabla ya Umeme Kurudi

Lukumani hajui Kiingereza. Naanza na hilo kwa sababu miaka kumi na tisa amekula kwa kukitafsiri, ndani ya banda langu la video hapa Ng'ambo, Tabora. Anajua yesi, noo na hariapu. Yaliyobaki anayatoa tumboni mwake.

Kazi yenyewe ni hii: sinema ya kigeni inapigwa kwenye runinga, sauti inapunguzwa, naye anakaa pembeni na maikrofoni akiwaeleza watu nani kasema nini. Dakika kumi za kwanza huwa kimya, anasoma nyuso. Kisha anagawa undugu. Huyu shemeji wa yule, yule alimnyima huyu shamba, huyu mama hapatani na wifi yake. Akishamaliza kugawa, sinema ni mali yake, walioitengeneza wanabaki watazamaji kama sisi.

Ujuzi huo aliutoa kwao Kwihara. Baba yake alikuwa akiwapokea wageni wanaokuja kuliona lile tembe, nyumba ya zamani ya njia ya misafara. Mgeni wa asubuhi aliambiwa wapagazi waliopita pale walikuwa mia tatu, wa mchana aliambiwa elfu mbili, na wote wawili waliondoka wameridhika. Lukumani alikuwa akiwabebea wageni maji, masikio wazi. Alipokua akaenda kupakia marobota ya tumbaku, na Jumamosi anakuja bandani kwangu kama mteja. Siku moja mtafsiri wangu alikuwa na mafua, sauti haitoki. Lukumani akaanza kutafsiri kutoka kwenye benchi, bila maikrofoni, na watu wakamgeuzia mgongo mtafsiri. Yule wa mafua nikamwambia akapumzike nyumbani hadi apone. Mpaka leo anaendelea kupona.

Mimi si mtu wa huruma. Nilianza na ndoo moja ya asali pale stendi, nikafika hapa kwa kutomwonea mtu haya. Lukumani nilimweka kwa sababu watu walikuja. Mwaka huu watu wakapungua, vijana wanatazama kwenye simu, na mwanangu Issa akaniletea kutoka Dar flashi yenye sinema ambazo tayari zimetafsiriwa, kijana mmoja anaongea mbiombio kama anafukuzwa na nyuki. Nikapima. Flashi haiumwi mafua, haifiwi na shangazi, wala hainywi chai yangu.

Nikamwita Lukumani. Akaja na mkewe Asmahani.

"Shikamoo, Mama Issa."

Tumepishana miaka miwili tu. Akiniamkia hivyo najua habari imeshamfikia.

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia flashi imefika. Haijambo?"

"Haijambo. Tena haili."

Asmahani akadakia, "Mama Issa, nakuomba, mwachie hiyo maikrofoni. Akikosa pa kusemea ataniletea mimi nyumbani. Juzi nimemwambia unga umeisha, akawageukia watoto: 'Mama yenu anasema chombo kimeishiwa mafuta, lakini nahodha ana akili zake.'"

"Ukamjibuje?"

"Nahodha akalala na njaa."

Lukumani hakucheka. Akaniuliza, "Mama Issa, asali umewahi kununua bila kuonja?"

"Sijawahi."

"Basi nionje mara ya mwisho, ndipo unimwage."

Hapo alinipata, maana hiyo ni lugha yangu. Tukapatana. Jumamosi apewe sinema moja asiyoijua. Mtu hata mmoja akiondoka kabla ya mwisho, Lukumani arudishe maikrofoni. Na hakimu awe Mwalimu Erasmus.

Mwalimu Erasmus alifundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini. Ni Mgogo, alikuja Tabora kikazi, akaoa, akasahau njia ya kurudi Dodoma. Hukaa benchi la mbele kila Jumamosi akisonya Lukumani anapokosea, kwa hiyo husonya toka mwanzo hadi mwisho. Sinema aliichagua yeye, mpya kabisa, na sharti lake akalitoa mbele yangu:

"Rangi ya suruali sitajali. Mambo ya mashemeji nimeshazoea. Lakini nani kafa na nani kaishi, hapo sitanii. Ukimwua aliye hai, Lukumani, umekwisha."

"Sawa, Mwalimu. Kwani mimi ni Mgogo niwe na roho hiyo?"

Jumamosi baada ya Alasiri banda lilijaa hadi watu wakakalia ndoo zangu za asali. Banda ni la mabati, madirisha nimeyaziba kwa magunia, mlango mmoja wa mninga. Ukiufunga, mchana unageuka kiza.

Sinema ikaanza. Visima vya dunia vimekauka, mito imebaki mchanga. Watu wanne wanarushwa angani kwenda kwenye sayari ya Zohali, ambako kuna milima ya barafu inayoelea, wakaufunge mmoja kamba wauburute hadi nyumbani. Wasipofika, dunia inakufa kwa kiu. Dakika kumi Lukumani kimya. Asmahani nyuma akawa anatafuna ncha ya khanga. Kisha maikrofoni ikakohoa.

"Huyu mwenye ndevu ndiye nahodha. Kwao Kwihara."

Makofi.

"Huyu mama ni mnyampara wa mizigo. Ni dada wa mke wa nahodha, na hawajasemeshana toka siku ya harusi, kuna sufuria ilipotea. Yule mwembamba ni fundi. Msimwamini, anakula peke yake."

Kweli, yule mwembamba alikuwa amegeukia ukuta anafungua kopo.

"Na yule wa nne, aliyelazwa kwenye kabati la kioo, ni mdogo wake nahodha. Huyo ni kama abiria wetu wa treni: kapandia Tabora, kabla ya kufika stesheni ya Igalula keshakoroma."

Mwalimu akasonya, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Katikati ya safari wakafika kwenye kituo kinachoelea angani. Wanataka mafuta. Akatokea bwana mmoja wa makamo, sare imempendeza, akawa anaeleza kwa kirefu huku anatikisa kichwa.

"Hapa wamefika Ugogo," Lukumani akasema taratibu. "Misafara yote ya babu zetu ilikwama hapa. Bwana anasema maji yapo, tena mengi, lakini hongo kwanza."

Banda zima likamgeukia Mwalimu. Akasimama.

"Muongo! Anasema pampu imeharibika!"

"Ndivyo walivyosema na babu zako, Mwalimu."

Mabati yalitikisika kwa kicheko. Mwalimu akakaa, anauma kalamu asionekane naye anacheka. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi hizohizo za misafara, hawezi kukasirika hata akitaka.

Wakafika Zohali. Nahodha akatoka nje ya chombo na kamba kiunoni, kwenda kuufunga mlima. Akaufunga. Kurudi, kamba ikanasa kwenye jabali la barafu. Sindano ya kipimo cha hewa kifuani inashuka. Mnyampara anamwita kwenye redio, nahodha anavuta, kamba haiji, sindano inagusa alama nyekundu, na umeme ukakatika.

Kiza. Maikrofoni imekufa. Desturi ya hapa inajulikana: umeme ukikatika, mlango unafunguliwa, watu wanatoka kupunga upepo, na nusu yao hawarudi. Nikamwona Ng'washi, mpasua mbao, mtu mwenye mabega kama kabati, anainuka kuufuata mwanga wa upenyo wa mlango. Nikajua flashi imeshinda.

"Kaa chini wewe!" Lukumani akanguruma kwa koo tupu. "Ukifungua mlango hewa inatoka, tutakufa wote humu!"

Ng'washi akakaa. Naapa, alikaa kama mtoto wa chekechea.

Angekomea hapo, angekuwa salama. Lakini akaendelea, kwa sauti ya chini, watu wakilazimika kuziba pumzi kumsikia. Nahodha anasalimia nyumbani. Baiskeli yake apewe kaka mkubwa, jembe jipya apewe mama. Mnyampara analia kwenye redio: "Shemeji, ile sufuria niliichukua mimi." Nahodha anajibu: "Nilijua, shemeji. Ipikieni ugali wa matanga." Kisha akatoa kisu, akaikata kamba mwenyewe, barafu iende nyumbani. Nahodha wa Kwihara amefariki dunia.

"Inna lillahi," mzee mmoja akasema. Wanawake walikuwa wanavuta makamasi. Mimi nikasema moyoni, huyu kajimaliza. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Watu wamenyamaza namna ile, Mama Issa, ningewaambia nini? Kwamba kamba imenasuka?"

Mara benchi la mbele likalia.

"Nani anazika bila mtani kuwepo?"

Alikuwa Mwalimu Erasmus.

"Mimi ndiye mtani wake! Alipopita kwetu hakulipa hongo, leo amelipa! Nawaambia hakufa kwa kukosa hewa, alikufa kwa ubahili, alikuwa anapumua kidogokidogo abakize ya kesho! Maiti hatoki hapa mpaka nipewe changu!"

Kicheko na kilio vilichanganyika. Hivyo ndivyo misiba yetu ilivyo, mtani akifika hakuna wa kumzuia. Bi Hafsa, muuza karanga wa mlangoni, akampapasia pakiti ya karanga gizani.

"Karanga ni za aliyegongwa na baiskeli! Huyu kafia Zohali!"

"Unataka nini basi, Mgogo wewe?"

"Nasikia harufu ya asali."

Chini ya kiti changu palikuwa na chupa ya lita moja, asali safi ya miyombo, ya mteja wangu wa Kiloleni. Nikaisukuma ndani zaidi kwa kisigino. Banda likaanza: "Mama Issa, toa! Toa, maiti anaharibika!" Nimewahi kuwakatalia watu wakubwa kuliko Mwalimu. Ila kumnyima mtani mbele ya watu mia, hapa Tabora, ni kufunga biashara mwenyewe. Nikaitoa. Nikasikia kizibo kinafunguka, kidole kinanyonywa, chupa inasafiri benchi kwa benchi.

Umeme ukarudi, na deki, kama kawaida yake umeme ukikatika, ikaruka kipande kizima cha sinema.

Kwenye runinga, nahodha mwenye ndevu amekaa kitini, blanketi mabegani, anakunywa kitu cha moto kwenye kikombe na kucheka.

Lukumani mdomo wazi, maikrofoni imemlalia mapajani. Asmahani akajifunika khanga usoni. Mwalimu ana asali kwenye kidevu. Nikasimama, maana nafasi ya kuwabana wawili kwa mpigo haiji kila Jumamosi.

"Mwalimu, ulisema nani kafa na nani kaishi, hapo hutanii. Amua. Na kama huyu yu hai, hapakuwa na msiba. Nirudishie asali yangu."

Mwalimu akaitazama chupa. Ilikuwa imebaki robo. Akamtazama Lukumani, akaitazama runinga, akasikiliza Kiingereza chao kwa muda mrefu, mkono sikioni. Kisha akaweka miwani sawa.

"Humu ndani anayejua Kiingereza ni mimi peke yangu," akasema. "Huyo mnayemwona si nahodha. Ni mdogo wake. Wamemrithisha jina na blanketi."

"Mdogo wake yupi?" nikauliza.

"Si yule wa kabatini? Ameamka."

"Eeeh! Ndiye!" banda zima likapokea. "Wamefanana mno!"

Lukumani akaikwapua maikrofoni. "Nilikuwa namngoja Mwalimu amalize. Ndiye huyo. Anasema: kaka amekufa, sasa nahodha ni mimi, na ile baiskeli hapewi mtu."

Wakati huohuo kabati la kioo lilipita nyuma ya kichwa cha nahodha, na mtu wake ndani bado kalala fofofo. Niliona mimi tu. Wengine walikuwa wanapiga makofi.

Nimepatana bei na watu tangu nikiwa msichana, najua hakimu aliyenunuliwa akoje, hasa akinunuliwa kwa mali yangu. Ningeweza kusimamisha sinema niwaonyeshe kabati. Lakini mlango haukufunguka hata mara moja, na barafu ilipoingia mtoni mwa dunia watu walishangilia hadi wapita njia wakachungulia. Nje, Ng'washi alikuwa anamuuliza Bi Hafsa Jumamosi ijayo kuna nini. Sibishani na banda lililojaa.

Nikamwita Lukumani pembeni. "Siku za wiki flashi. Jumamosi wewe. Maikrofoni yako."

Akaikumbatia kwanza, halafu akakumbuka ni mtu wa kupatana. "Na Ijumaa baada ya swala?"

"Nitafikiri."

"Na chai?"

"Chai ipo. Sukari imepanda."

"Basi tia asali, Mama Issa."

"Asali muulize mtani wako."