Ukuta wa Nyuma ya Mafiga

Kazi yangu ni kuta. Watu wa nyumbani Kenyamonta wakisikia kwamba nahesabu jinsi ukuta unavyolika, wanadhani nimesomea ujenzi, na nimechoka kuwasahihisha. Kuta zangu zimo ndani ya matanuru yanayojaribu kuzalisha nishati kwa kuunganisha viini vya atomu, kama jua linavyofanya. Chini ya tanuru kuna mfereji wa kutolea joto na majivu. Umetandikwa vigae vya metali ngumu, na hata hivyo vinalika. Mimi naandika programu ya kompyuta inayofuata kila chembe iliyobanduka: imetoka wapi, imetua wapi. Kanuni ni moja tu. Kilichotoka ukutani lazima kionekane mahali.

Mwaka ule hesabu yangu haikukubali kufunga. Kila nikiiendesha, chembe kadhaa zilitoka na hazikutua popote. Nilikuwa nimerudi nyumbani na kompyuta yangu kumshawishi mama, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha, ahamie kwangu Mugumu. Asubuhi niligombana na kompyuta, mchana na mama.

Aliishi kwenye kibanda cha jiko, cha udongo, alichokijenga baba, na humo ndimo alimolala. Baba mwenyewe tulimzika hatua chache kutoka mlangoni. Siku ya pili niliona ukuta wa nyuma ya mafiga umebonyea kama bakuli. Nilitoboa kwa spoku ya baiskeli, nikatia alama ya unene kwa kalamu. Kesho yake unene umepungua. Keshokutwa umepungua tena. Kulika kwenyewe hakukunitisha, ndiyo kazi yangu. Kilichonitisha ni kwamba sakafuni hapakuwa na vumbi. Nilipitisha kiganja chini ya ukuta, nikakitazama. Kilikuwa safi.

"Mama, jiko hili litakuangukia."

"Halijaniangukia," alijibu, akaendelea kuchambua mboga.

Siku ya nne, saa saba mchana, kuku wote wamejificha jua, nilikuwa nimekaa kivulini nyuma ya ghala la mtama. Mama alitoka akipapasa, kitu amekifunga kwenye pindo la kanga. Midomo yake ilihesabu hatua. Alifika kwenye kaburi la baba, akapiga magoti, akafungua pindo, akamwaga udongo. Akausawazisha kwa kiganja taratibu, vilevile anavyokandika ukuta.

Nilimsogelea kwa kunyata, na bado alijua.

"Linatitia," alisema kwa lugha yetu, bila kugeuka. "Nikijaza leo, kesho limeshuka. Udongo wa shambani linaukataa. Huu wa ukutani baba yako aliukanyaga kwa miguu yake, linaupokea."

Nilimwambia ni mchwa, au jeneza limeoza.

"Jeneza lilioza zamani."

Mimi ni mbishi. Nilichukua ile spoku nikaichoma kaburini ili nimwonyeshe. Iliingia yote, mpaka vidole vyangu vikagusa udongo, bila kukutana na kitu. Nilipoichomoa ilikuwa ya baridi, katika jua lile. Niliogopa, nasema wazi. Sina maelezo, na sitatunga.

Kosa la programu nililiona siku iliyofuata. Nilikuwa nimeuchora mfereji kama ukuta mmoja laini, nikasahau nyufa zilizopo kati ya kigae na kigae. Chembe zangu zilikuwa zinatumbukia humo. Nilichora nyufa, hesabu ikafunga. Sikufurahi hata kidogo.

Ukuta wa mafiga ulikuwa umebaki unene wa kidole. Nilimsihi mama kwa mara ya mwisho tuondoke kabla haujaanguka.

"Nikienda Mugumu, nani atamjazia?"

"Na ukuta ukiisha?"

Alinishika mkono kama mtoto anayefundishwa kitu, akaupeleka kwenye ukuta wa upande wa pili, ule wa kitandani kwake. Ulikuwa mnene, mkavu, haujaguswa hata kwa ukucha.

"Huu usiuguse sasa," alisema. "Huu ni wa kunijazia mimi. Wewe una macho, utaona siku nikianza kushuka."

Niliacha kuzungumza habari za Mugumu. Mchana nilikata nguzo mbili, nikaegemeza paa upande wa mafiga. Upande wa kitanda sikuugusa.