Tumbo Ni la Mama Tluway

Ipo siku moja, mwanangu, mgonjwa alinikemea akiwa kitandani, na mpaka leo namshukuru. Wewe ndiyo kwanza unaanza kazi niliyoiacha, ya kupima watu kwa ultrasaundi, kwa hiyo kaa hapa nikusimulie.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na mimi pia. Hapa Babati mashine ile ilikuwa kitu kipya. Watu walikuja na nguo za Jumapili, utadhani wanapigwa picha ya ukutani. Ndipo akaja Mama Tluway, mkulima wa Nakwa, na mumewe. Daktari wake wa Bonga alimtuma nimwangalie nyongo tu, maana tumbo lilimsumbua. Nikaangalia, nyongo safi. Lakini nilipopitisha kifaa pembeni, kwenye figo ya kulia nikaona uvimbe ambao hakuna aliyenituma kuutafuta.

Sasa, kwetu tulikolelewa, habari mbaya haambiwi mwenyewe. Wanaitwa wanaume wa ukoo, wanashauriana, na mgonjwa anaambiwa atapona tu. Basi nikamkonyeza mumewe tutoke nje.

Weee! Mama Tluway aliinuka na jeli yote ya kipimo tumboni.

"Binti, unamwita huyo, kwani tumbo ni la kwake? Watoto wote nimezaa kwa tumbo hili, yeye hakusukuma hata mmoja! Niambie mimi, na yeye asikie."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikavuta kiti, nikamshika mkono.

"Samahani, mama. Nyongo yako ni nzima. Ila kwenye figo nimeona uvimbe. Ni wa namna gani, kipimo hiki hakiwezi kusema. Unahitaji vipimo vikubwa zaidi, na usikawie."

"Nitakufa?"

"Sijui, mama. Ninachojua, uvimbe wenyewe bado mdogo."

Akajifuta, akasema twende kwa daktari. Mumewe akaomba kwanza wamalize kuvuna mbaazi. Hapo nikaogopa kuliko mwanzo, maana karatasi yangu ya majibu ingelala kabatini hadi mbaazi ziishe, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaaga kazini, nikapanda nao gari la Bonga.

Daktari alikunja uso. "Nilikuomba nyongo. Figo umeitoa wapi?"

"Daktari, nimeikuta jirani."

Akanitaka nirudie polepole, kisha akampa rufaa hapohapo kwenda hospitali kubwa.

Ilikuwa saratani, mwanangu, lakini ilikuwa haijatoka nje ya figo. Wakaiondoa figo ile. Mbaazi walivuna majirani. Aliporudi kutuona alipiga vigelegele hadi foleni nzima ikaitikia bila kujua sababu, na mimi nikalia kwa furaha mbele za watu. Mwezi uliopita alicheza kwenye harusi ya mjukuu wake, na mimi niliye mdogo kwake nikachoka nikaketi kabla yake!

Kwa hiyo nakuusia. Ukiona usichotumwa kukitafuta, usikifumbie macho. Mwambie mwenye mwili kwanza, kwa maneno anayoyaelewa, unachokijua na usichokijua. Kisha hakikisha daktari wake amesikia kwa masikio yake, maana karatasi haina miguu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunaoona ya ndani tusiwe wafichaji. Mungu akupe macho makali na ulimi mpole, na akujalie uzee wa kushindwa na mgonjwa wako kwenye kucheza harusini.