Mwaka Tuliolima Bila Redio

Kila mwisho wa mwaka redio hukusanya habari za miezi kumi na miwili na kuzimwaga kwa saa moja. Nani alichaguliwa, nani alifukuzwa kazi, timu gani ilifunga, wakubwa gani walikufa. Hapa Walikale ninakoishi sasa, majirani hukaa na kusikiliza huku wakibishana na mtangazaji kama vile anawasikia. Mimi siwezi kukaa. Naosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa, natoka nje, narudi, naangalia kama mvua imeingia chini ya mlango. Baba, ambaye naishi naye, huniambia nitulie kama mtu mzima. Hajawahi kuwaeleza watu kwa nini situlii, na kwa hilo namshukuru.

Mwaka ninaoukimbia kwangu ulianza mapema, tangu Desemba, na uchaguzi. Sisi wa Masisi hatukupiga kura, kwa sababu ya vita. Tulikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere, tukisikiliza watu wa Kinshasa wakilalamika redioni kwamba wamesimama tangu asubuhi na mashine hazijafika. Nilikasirika sana. Wao walichelewa kuiona mashine, sisi hatukuletewa kabisa, na hakuna aliyekuja kutuuliza tunajisikiaje. Baba alifuata matokeo yote, mkoa kwa mkoa, akitikisa kichwa kama mwenye shamba anayehesabiwa mbuzi wa jirani.

Halafu ukaja mpira. Timu ya taifa ilifika nusu fainali ya Afrika, na kambi nzima ikajipanga kuzunguka redio chache zilizokuwa na nguvu. Kabla ya mchezo mtangazaji alisema wachezaji wamefunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki, ili dunia ijue yanayotupata huku mashariki. Baba hakuelewa. Akaniomba nimwonyeshe, nami nikasimama katikati ya matope nikafunika mdomo na kuweka vidole kichwani. Tulifungwa bao moja, na usiku ule sikujua kama nalia kwa ajili ya mpira au kwa ajili ya vile vidole.

Baada ya majuma machache milio ya bunduki ilisogea mbali kidogo, na familia chache za kilima chetu zikarudi nyumbani. Sisi tulikuwa wawili tu, baba na mimi. Mama alikufa zamani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa Rubaya, akichimba madini ya koltani, na mtandao wa simu ulikuwa umekufa kila upande. Lakini alitukumbuka. Mbeba mizigo mmoja alitufikia kwa miguu akiwa na kilo nyingi za mbegu ya maharagwe mgongoni, na ujumbe mfupi: tupande mapema, yeye atakuja wakati wa kuvuna.

Msimu uliotangulia ulikuwa umetupita tukiwa kambini. Kama na huu ungetupita, tungerudi Lushebere kupanga mstari na bakuli mkononi, na niliapa kwamba hilo halitatokea tena. Niliamka kabla ya jogoo. Nilinoa majembe. Mvua ilikuwa nzuri, udongo mweusi ulilainika, na mimi nilikuwa na haraka mpaka miguu inawasha.

Hapo ndipo redio ya baba iliponiingilia. Kwenye kilima chetu mtu akifa, hakuna anayeingiza jembe ardhini mpaka azikwe. Anayelima siku hiyo anamtukana marehemu na watu wake. Ni desturi ya zamani na sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa kwamba baba aliipanua mpaka Kinshasa.

Siku ya kwanza ya kupanda, kabla hatujatoka, redio ilitangaza kifo cha mchezaji wa zamani wa timu ya taifa. Baba aliegemeza jembe ukutani na kukaa.

“Huyu nilimujua,” alisema.

Nilimuuliza alimjulia wapi, yeye ambaye hajawahi kupanda ndege.

“Ku radio. Tangu niko kijana anaingia mu nyumba yangu. Unataka nilime na yeye iko analala mu morgi?”

Nilimwambia wakubwa wa Kinshasa hawazikwi upesi, wanakaa mochari majuma mawili wakingoja hotuba, na kufikia hapo maharagwe yatakuwa yameota ndani ya gunia. Tulibishana mpaka tukakubaliana: siku moja kwa kila marehemu. Nilidhani nimeshinda. Kesho yake tulilima asubuhi tu, maana saa sita alikufa mwanamuziki ambaye baba alicheza nyimbo zake siku ya harusi yake. Tukapumzika. Siku mbili baadaye akafa waziri wa zamani, mtu ambaye baba alimtukana miaka yote ya utoto wangu, akimwita mwizi mbele ya wageni.

“Huyu ulimchukia,” nilisema.

“Kuchukia mutu njo kumujua vizuri,” alijibu, na jembe likarudi ukutani.

Nilicheka, lakini kicheko cha hasira. Nilimpenda baba na nilitaka kumtikisa mabega. Mvua iliingia ndani kupitia tundu la bati, na nilipofungua gunia nikakuta mbegu za chini zimeanza kuchipua, nyeupe, zimeshikana. Mwaka ule watu mashuhuri walikuwa wanakufa kama waliopewa zamu, na nilijiona nikiwa kambini tena, nimeshika bakuli, kwa sababu ya waziri.

Asubuhi iliyofuata, baba alipokwenda kuchota maji, nilitoa betri za redio nikazificha ndani ya chungu cha unga wa muhogo. Aliporudi na kuibonyeza, nikamwambia zimekwisha. Soko lilikuwa limefungwa kwa sababu barabara ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo hakuwa na njia. Aliigongagonga kiganjani, akaiweka sikioni, akaiacha. Kisha akachukua jembe.

Tulilima siku nne. Nasema ukweli: zilikuwa siku nzuri. Baba alitangulia akichimba, mimi nikamfuata nikiangusha punje mbili mbili na kufukia kwa mguu. Alinisimulia kuhusu mdogo wangu, jinsi alivyokuwa akila mbegu mbichi kwa siri alipokuwa mdogo na kuumwa tumbo. Bila redio baba alikuwa na maneno mengi kuliko nilivyofikiri. Nilijisemea kwamba nimefanya jambo la busara, na nitazirudisha betri tukimaliza mstari wa mwisho.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kuanzia siku ya pili watu waliopita njiani juu ya shamba hawakutusalimia. Mwanamume mmoja niliyesoma naye alinitazama, nikainua mkono, akageuza uso. Na mama mjane ambaye shamba lake linapakana na letu, ambaye kwa kawaida hunipigia kelele kuvuka mpaka hata nichoke kumjibu, alikuja bila jembe, akatuona, akasimama, akarudi nyumbani. Siku ya tatu hakutokea kabisa. Nikamwona mvivu. Kuhusu wengine nikasema ni wivu: wao hawana mbegu, sisi tunazo. Nililima kwa nguvu zaidi ili waone vizuri.

Siku ya nne, jua likiwa limeanza kuinama, yule mama alikuja. Safari hii pia hakuwa na jembe. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni kama wanavyojifunga wanawake kwenye matanga. Alisimama kwenye mpaka, hakukanyaga mistari yetu, na hakunitazama mimi, alimtazama baba.

“Papa,” alisema, “munisamehe. Siku tatu banasoma jina ya mutoto wenu ku radio, asubuhi na magaribi. Kilima ilimuangukia kule Rubaya. Sisi banajirani tuliweka majembe chini. Tunangoja mulie ili tuingie. Na ninyi munalima. Amewakosea nini?”

Kwetu hakuna anayeingia kwenye nyumba ya msiba kabla wenyewe hawajalia. Kilio ndicho mlango. Watu wa kilima kizima walikuwa wamekaa majumbani mwao siku tatu, mikono mapajani, wakitusubiri sisi tufungue. Walidhani tumemkana ndugu yetu. Nilitaka kusema kitu, na kilichonijia kilikuwa ujinga tu, kwamba bado imebaki mistari sita.

Baba alilaza jembe chini taratibu, mpini ukiangalia nyumbani, kama alivyokuwa akifanya kwa wale wengine wote. Alimshukuru mama yule. Aliniuliza bila kupandisha sauti:

“Betri iko wapi?”

Kumbe alijua. Hajawahi kuniambia alijua tangu siku gani, na mimi sijathubutu kumuuliza. Labda na yeye alitaka siku chache bila wafu. Nilimwambia ziko kwenye unga.

Tulikwenda nyumbani, yule mama jirani akatufuata akaishia uani. Nilizitoa betri, nikazifuta kwa nguo yangu, nikazipachika kinyume mara ya kwanza. Baba aliichukua redio akazipanga mwenyewe. Ilikuwa bado mapema. Tulikaa tukasikiliza habari zote za nchi: serikali mpya ambayo bado haijaundwa, wabunge wanaogombania viti, kocha wa timu ya taifa akiulizwa kuhusu mchezo ujao. Sijawahi kuchukia habari kama siku ile. Nilitaka kuingiza mkono ndani ya kile kisanduku niwanyamazishe wote, na wakati huohuo niliomba wasimalize, wasifike kwenye matangazo ya vifo.

Walifika. Mtangazaji wa redio yetu ya Masisi alisoma watatu. Wa pili alikuwa mdogo wangu. Alisoma jina lake lote, hata lile ambalo nyumbani tu tulilijua, akataja kilima chetu, akamtaja baba, akanitaja mimi kwa jina, kwamba tunajulishwa popote tulipo. Alisema amekwisha kuzikwa hukohuko na wenzake wa kazi kwa sababu barabara imefungwa. Alisema leo ni mara ya mwisho tangazo hili kusomwa. Halafu akaendelea na wa tatu.

Baba alikuwa ameiweka redio magotini, ameikumbatia kwa mikono miwili. Udongo wa shambani ulikuwa bado kwenye kucha zake.

“Huyu nilimujua,” alisema.

Nilisubiri aongeze neno, anilaumu, anipige hata. Uani yule mama jirani alikuwa bado amesimama, na nyuma yake, kwenye njia, niliona wengine wameanza kukusanyika, kimya, yule mwanamume niliyesoma naye akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyevuka kizingiti. Mimi ndiye niliyekuwa nimewafungia nje.

Nikatoka, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Ndipo wakaingia.