Mkono Mpya wa Bikira Maria

Harufu ya ubani ikichanganyika na ya viatu vilivyolowa theluji hunirudisha Skärholmen, mtaa wa ughaibuni nilikokulia, kwenye kichochoro kimoja cha maduka ya vitu vya ibada. Duka la kwanza liliuza miswala na tasbihi, la pili mishumaa na misalaba, na la mwisho sanamu za Budha, zimepangwa dirishani kubwa kwa ndogo, zote zikitabasamu kama watu walioshiba.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa na sanamu ya mbao ya Bikira Maria, aliyopewa na bibi, mama yake mzazi, akatoka nayo kwetu Uvira imefungwa ndani ya kitenge. Jumamosi moja, Mama akiwa kazini, nilimhurumia Maria kwa kuwa hakuwahi kuona theluji vizuri. Nikamsimamisha kwenye ukingo wa roshani. Akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Nilimkuta chini mzima, ila mkono wa kulia haupo. Nilichakura theluji mpaka vidole vikafa ganzi.

Nikamkimbiza duka la mwisho, maana mwenye duka, mama wa Kivietinamu, nilizoea kumwona akichonga. Nilimweleza kwa Kiswidi huku nalia.

"Huyu simjui," alisema akimgeuzageuza, "lakini mkono ni mkono."

Alichonga hadi mchana. Ukatoka mkono mzuri, ila umeinuliwa juu, kiganja mbele, kama wa Budha.

Mama aliporudi, nilimweleza yote kabla hajavua koti. Aliichukua sanamu, akaugusa ule mkono. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Angalia huyu! Sasa anatusalimia!" Kisha akasema, "Vaa viatu, mtoto yangu. Nipeleke kwa huyo mama."

Kiswidi chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Mwenye duka alimwonyesha Mama picha ya bibi kizee, mbele yake ubani ukifuka.

"Mama yangu. Alikufa, mimi hapa."

"Alikufa, mimi hapa," Mama akarudia, akijigusa kifua.

Wakashikana mikono, wakalia muda mrefu. Mimi nilinuna: mbona hakuna anayeusifia mkono?

Tangu siku ile Mama alianza kunisimulia habari za bibi, na mimi, niliyezoea kumjibu kwa Kiswidi, nikaanza kumuuliza kwa Kiswahili. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba bibi alifariki majira yale yale ya baridi, kabla Maria hajaanguka. Mama alipokea simu, na kesho yake akaenda kazini bila kumwambia mtu.

Kumbe pale dukani nilikuwa nimehudhuria matanga ya bibi yangu.